Dhiki na Faraja: Neno Lililotubana



Mimi ni wakili, si mtaalamu wa lugha. Lakini kazi yangu ni kupima maneno, kwani neno moja laweza kumfunga mtu au kumwachilia. Leo napenda tulipime neno dhiki.

Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni wembamba: mahali palipobana, pasipo nafasi ya kugeuka. Faraja nayo yatokana na shina lenye maana ya kufungua. Basi methali yetu, "Baada ya dhiki, faraja," yasema kwamba aliyebanwa hufunguliwa. Wasomaji wa Zaburi ya 118 watalikuta wazo hilo katika mstari wa 5: kwa Kiebrania, anayelia yuko mahali pembamba, naye Mungu humjibu kwa kumweka penye nafasi.

Methali hii imetumiwa kutunyamazisha. Tumeambiwa tuvumilie, kana kwamba faraja huja yenyewe kama mvua ya masika. Historia yetu yakataa. Mwaka 1982 Kifungu cha 2A kiliingizwa katika Katiba, na taifa zima likabanwa ndani ya chama kimoja. Miongoni mwa waliopinga utawala huo, wako walioteswa katika vyumba vya chini ya ardhi vya Nyayo House. Hiyo ndiyo dhiki kwa maana yake ya asili.

Ni nani aliyefungua? Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, baada ya wananchi kusema, kuandamana na kutiwa ndani. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kususia chakula katika Bustani ya Uhuru, Nairobi. Polisi walipowapiga, walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wala hawakunyamaza. Kufikia mwaka 1993, wengi wa wana wao walikuwa wameachiliwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 25, yasema uhuru wa kutoteswa hauwezi kuwekewa mipaka. Mlango huo uko wazi; lakini mlango usio na mlinzi hurudishwa. Kwa hiyo, mtoto wa jirani akikamatwa na asijulikane aliko, tusimwambie mamaye avumilie. Tufuatane naye hadi kituo cha polisi, tusimame naye mahakamani, na usiku tumfungulie kanisa.