Nafasi ya Kazi kwa Wenye Ulemavu Mpakani Busia na Malaba

Mabwana na mabibi wenye maduka, maghala na ofisi za mizigo, kuanzia Busia hata Malaba, pamoja na wale wa Chakol walio kati ya miji hiyo miwili: maneno ya leo ni juu ya watu ambao kila mmoja amewaona barabarani, walakini ni wachache mno waliopata kuwaona ndani ya ofisi wakiwa wameshika kalamu.

Busia ni mji mmoja uliokatwa na mpaka, nusu yake Kenya na nusu yake Uganda. Ni hapo, katika miaka ya 1960, ilipoanza kazi ya kuwachukua abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hata kingine, na jina la boda boda, lililotokana na neno la Kiingereza la mpaka, limeenea sasa Afrika Mashariki nzima. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba palikuwa na baiskeli nyingine pia, yenye magurudumu matatu, inayozungushwa kwa mikono. Waliokaa juu yake walikuwa watu walionyang'anywa nguvu za miguu, wengi wao kwa ugonjwa wa polio utotoni. Watu hao waliifanya baiskeli kuwa gari la mizigo, wakavusha bidhaa za dukani kutoka upande huu kwenda upande ule, na maafisa wa forodha aghalabu waliwaacha wapite bila kuwatoza ushuru. Wafanya biashara walipolijua hilo wakawatafuta wao kuwavushia mali. Tena, kwa kuwa mzigo ukizidi mikono haitoshi, waliwaajiri vijana wenye miguu mizima wasukume kutoka nyuma, nao wakawalipa. Yule aliyehesabiwa kuwa mzigo kwa jamaa zake akawa tajiri wa watu. Wataalamu Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari zao katika kitabu kilichotolewa mwaka 2007.

Mwenye kuajiri watu yampasa aitazame vizuri habari hiyo. Miguu ya mtu yule haikupona. Kilichobadilika ni chombo alichopewa, na barabara iliyo tambarare. Jana yake alikaa uani akingojea chakula. Leo yuko sokoni akibishana bei.

Lakini biashara ile ilikuwa na ubovu katika msingi wake, nao ni kwamba ilisimama juu ya huruma. Hapakuwa na sheria iliyosema mwenye ulemavu asitozwe ushuru; palikuwa na afisa aliyegeuza uso. Kazi ya namna hiyo huanguka siku afisa anapohamishwa. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwezi wa Januari 2005, ushuru wa bidhaa zitengenezwazo ndani ya Jumuiya ulianza kupunguzwa mwaka kwa mwaka hata ukaondolewa mwaka 2010, na kadiri ushuru ulivyopungua ndivyo thamani ya msamaha ilivyopungua. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo mtu hukaguliwa mara moja tu, katika nchi anayoingia. Kisha mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Uganda ikafunga mipaka yake kwa abiria. Malori yaliruhusiwa kupita. Baiskeli ya magurudumu matatu si lori.

Basi hapana budi watu hao wapate kazi kwa haki, chini ya paa, kwa mshahara wa mwezi. Sheria imekwisha kusema. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu iliyotiwa sahihi nchini Kenya mwezi wa Mei 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanya kazi 20 au zaidi awawekee nafasi 5 katika kila 100; Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2010, imeweka 3 katika kila 100 kwa mwajiri wa kiasi hicho hicho. Kampuni kubwa za mizigo pale Malaba zajijua. Duka la Chakol lenye watu watatu sheria hiyo hailigusi, na maduka ya namna hiyo ndiyo mengi.

Chukua mfano wa ghala la mahindi. Mwenyewe anatafuta karani wa kusoma mizani, kuandika daftari na kulipa wakulima. Anakuja kijana mwenye hati nzuri, amekaa juu ya kiti cha magurudumu. Jibu litolewalo mara nyingi ni kwamba hataweza kubeba gunia. Gunia la mahindi lina kilo 90, na hakuna karani wa ghala lile aliyepata kulibeba hata siku moja. Wapo mahamali kwa kazi hiyo. Kinachomzuia kijana si gunia. Ni ngazi tatu za mlangoni, na meza iliyojengwa kwa mtu aliyesimama, na choo.

Ngazi huondolewa kwa njia ya mteremko ya saruji. Kipimo chake ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo yataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ngazi tatu za sentimita 15 kila moja, yaani kimo cha sentimita 45, zataka mteremko wa mita 5 na sentimita 40. Mjenzi akiufupisha ili apunguze saruji, kiti kitarudi nyuma na kumwangusha mtu. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 90. Hamali mwenye mkokoteni atakuwa wa kwanza kushukuru.

Habari ya choo watu huona haya kuisema, kwa hiyo isemwe hapa. Mfanya kazi asiyeweza kuingia katika choo cha kazini huacha kunywa maji tangu alfajiri, naye hukaa hivyo hata jioni, kila siku ya kazi. Huumwa, kisha huacha kazi, na tajiri wake husema kwamba watu hawa hawadumu. Choo kipanuliwe, mlango wake ufunguke kwa nje, na chuma cha kushikia kitiwe ukutani.

Si kila ulemavu wataka saruji. Kiziwi huhitaji maagizo yaandikwe, na mwenziwe mmoja au wawili wajifunze Lugha ya Alama ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hapa mpakani ikumbukwe kwamba lugha ya alama ya Uganda ni nyingine, hivyo mteja kiziwi kutoka ng'ambo asidhaniwe mjinga. Mwenye ualbino asipewe kazi ya kuhesabu malori juani. Apewe dawati la ndani, karibu na dirisha, na maandishi makubwa. Asiyeona aweza kupokea fedha, maana noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zina alama za kupapasa kwa kidole, mradi vitu vya mezani visihamishwe bila yeye kuambiwa.

Katika hayo yote aulizwe mwenyewe. Desturi iliyopo ni tajiri kumwuliza ndugu aliyemleta, "Je, anaweza kuandika?" hali mwenyewe yupo, anasikia, na barua ya maombi aliiandika kwa mkono wake. Wapo pia wanaomlipa nusu ya mshahara wa mwenziwe kwa kazi ile ile, wakidhani wametoa sadaka. Hiyo si sadaka, ni deni.

Tena tangazo la kazi likibandikwa juu ya mlango wa duka lenye ngazi, mtu asiyepanda ngazi atalisomaje? Litangazwe katika baraza la chifu, kanisani, msikitini na sokoni, na lipelekwe kwa vyama vya wenye ulemavu. Miongoni mwa waliovusha mizigo kwa baiskeli zile wamo watu waliozoea kuhesabu fedha za nchi mbili kwa siku moja, wanaowajua wauzaji wa pande zote mbili kwa majina. Mwenye ghala atafutaye karani aanze na hao.