Kinanda, Tarumbeta na Kompyuta: Kuandika Nota za Kikundi cha Matarumbeta

(Mada iliyotolewa kwa wanakwaya na wapiga tarumbeta, Msalato)



Mwanakwaya asomaye solfa hasumbuliwi na ufunguo. Akiambiwa doh ni G, huimba. Kesho akiambiwa doh ni A-flati, huimba vilevile. Mpiga tarumbeta hana raha hiyo. Tarumbeta ya kawaida ni ya B-flati: nota C iliyoandikwa hutoka B-flati, yaani toni moja chini. Kinanda kikipiga katika G, tarumbeta huandikiwa A, yenye shapu 3, na saksofoni alto, iliyo ya E-flati, huandikiwa E, yenye shapu 4. Hilo likipuuzwa, kinanda na matarumbeta hugombana mbele ya usharika, na wakati wa mazishi ugomvi huo huumiza zaidi.

Walutheri wa Ujerumani walikwisha kulitafutia dawa. Mchungaji Eduard Kuhlo na mwanawe Johannes (1856–1941), aliyetumika Bethel, Bielefeld, waliwafundisha wapigaji kusoma nota za kinanda moja kwa moja. Mpigaji wa mapokeo hayo, aonapo G ya mstari wa pili, hubonyeza kibonyezo cha 1 na cha 2, na G halisi hutoka. Aliyefunzwa katika bendi za mtindo wa Kiingereza, aonapo nota hiyohiyo, habonyezi kitu, hutoka F. Wote wawili ni wapigaji wazuri, ila hawawezi kugawana karatasi moja.

Programu kama Sibelius na MuseScore (hii ya pili hupatikana bure) hujua tofauti ya kila chombo na kuisogeza nota zenyewe. Kipo pia kitufe cha kuonyesha sauti halisi, na hapo ndipo penye mtego. Kompyuta ikiupiga wimbo, husikika sawasawa, kitufe kiwe kimewashwa au kimezimwa. Hivyo sikio halitambui lolote mpaka karatasi zigawiwe. Wapigaji wa mtindo wa Kuhlo wachapiwe kitufe kikiwa kimewashwa, wengine kikiwa kimezimwa, na juu ya kila karatasi iandikwe "B-flati" au "sauti halisi".

Jambo moja la haraka: Agosti 2024 ilitangazwa kwamba programu ya Finale, iliyotumika tangu 1988, haitaendelezwa tena. Wenye nyimbo humo wazihamishe katika MusicXML, kompyuta zao za zamani zingali zikiwaka.