Makubaliano ya Hiari Yaanze na Daftari la Kuni

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwenye mkutano wa wenye biashara ndogo na za kati



Kazi yangu ni kupiga picha watu wakitia sahihi. Siku moja nilirudi kwenye hoteli ambayo mwenyewe alikuwa ameahidi kulinda mazingira. Cheti kilikuwa ukutani, kimejaa masizi, juu ya mafiga yale yale. Leo sikuja na vyeti.

Mnauliza, kwa nini hiari? Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 ziliagiza ukaguzi, angalau kila miaka 3, kwa wanaotumia zaidi ya uniti 180,000 za umeme kwa mwaka. Kibanda cha chapati hakikaribii hapo. Tumebaki kukubaliana wenyewe.

Uswisi wamezoea jambo hili. Mwaka 1999 vyama vya wafanyabiashara viliunda shirika lao la nishati, EnAW. Kampuni hupima matumizi, hujiwekea lengo pamoja na mshauri, kisha hutoa hesabu kila mwaka. Lakini tusidanganyane, hiari hiyo ina fimbo nyuma yake: ushuru wa kaboni kwenye mafuta ya kupasha joto, ulioanza mwaka 2008 kwa faranga 12 kwa tani na kufika 120 mwaka 2022. Kampuni inayostahili ikijifunga kupunguza gesi chafu, husamehewa ushuru. Isipotimiza, hutozwa.

Hapa kwetu kinachouma ni bei ya kuni, makaa na dizeli. Na huko ndiko kwenye moshi wetu. Karibu sehemu 9 kati ya 10 za umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Badilisheni balbu, bili itashuka, ila jiko na jenereta ndivyo vya kuangaliwa kwanza.

Basi kabla ya lengo lolote, andikeni kwa miezi 3 kila mzigo wa kuni, kila gunia la makaa, kila lita ya dizeli. Kisha majirani kumi wa mtaa mmoja wakae, wasomeane, wakubaliane kiasi cha kupunguza.

Najua mnachohofia: daftari kufika kwa watoza ada. Ndiyo maana napendekeza libaki kwenu, na kaunti ipewe jumla ya kikundi tu, bila majina.

Madaftari yako mezani pale mlangoni. Anayetaka achukue. Sitapiga picha.