Mchezaji kijana, nani anakupa maneno ya kusema?

Maneno yetu mbele ya vijana wachezaji wa teatre, Lubumbashi

 

Tutasema juu ya jambo moja tu. Mchezaji kijana, nani anakupa maneno ya kusema?

Tunauliza kwa sababu tunaona namna kazi inaenda hapa kwetu. Kundi linaitwa, linapewa karatasi: hapa utasema watu wanawe mikono, hapa utasema watu wachague kwa amani, hapa watu watacheka. Dakika makumi mbili, franka ya transipo, picha moja, imeisha. Hatusemi kama ile kazi ni mbaya. Kipindupindu kinaua watu kweli, na mchezaji iko na watoto wa kulisha. Lakini mutu akicheza miaka kumi maneno ya wengine tu, siku moja atatafuta neno lake mwenyewe katika kinywa, na hatalipata.

Hapa mujini wazee walituonyesha njia ingine. Wazazi wetu wote wanajua kundi la Mufwankolo. Walilisikia katika redio, kisha wakaliona katika televizioni. Mufwankolo lilikuwa jina la muchezo, lakini lilikomaa mpaka watu wakamuita mwenyewe vile, na kundi lake pia vile. Na wale wachezaji hawakupewa kitabu cha kukariri. Walikuwa wanakaa pamoja, wanatafuta hadithi, wanaigawa sehemu kwa sehemu: wewe utacheza mukubwa wa kijiji, wewe bibi yake, wewe mwizi. Kisha kila mutu anatafuta maneno yake mwenyewe wakati wa mazoezi, kwa Kiswahili cha hapa Lubumbashi, kile cha soko na cha nyumbani.

Tuangalie mwaka 1986. Profesa mumoja, Johannes Fabian, aliyepata kufundisha hapa Lubumbashi na kisha Amsterdam, alikaribishwa chakula. Wakamupa firigisi ya kuku. Munajua desturi: firigisi ni ya mukubwa, haigawanywi. Akaambiwa kwa Kifaransa: « Le pouvoir se mange entier. » Ni kusema, ukubwa unaliwa muzima. Hakuelewa muzuri, akaenda kuuliza huku na kule. Akauliza na kundi la Mufwankolo. Wao hawakumujibu kwa neno moja. Walibishana: ukubwa unaweza kugawanywa ao hapana? Mwenye kuula peke yake, anafanya vema ao anaharibu? Na mwisho wakasema: hii njo itakuwa muchezo wetu. Wakaufanyia mazoezi, wakaenda kuucheza katika kijiji cha Kawama, televizioni ikachukua picha.

Mukumbuke ilikuwa wakati gani. Zaire, chama kimoja, mukubwa mumoja. Na wachezaji wanasimama mbele ya kamera wanazungumuza juu ya ukubwa na namna unaliwa! Walisema juu ya mukubwa wa kijiji, na kila mutu aliyeangalia alikuwa huru kufikiri mukubwa mwingine. Watu wengi walizoea kusema juu ya teatre yetu: « banachekesha tu ». Hapana. Kucheka ni mulango. Mutu akiisha kucheka, masikio yake yamefunguka.

Hatusemi kama ile kazi ya wazee ni ya kurudilia vile vile. Kila kizazi kiko na firigisi yake. Angalieni Dorine Mokha, mutoto wa Lubumbashi, aliyesoma sheria na akachagua jukwaa. Alicheza kwa mwili na kwa maneno yake mwenyewe. Kazi yake « Entre deux », ni kusema kati ya mbili, aliitoa katika maisha yake. Kisha, pamoja na Elia Rediger, Muswisi aliyezaliwa Kinshasa, akafanya « Hercules de Lubumbashi ». Hercules ni yule shujaa wa hadithi za Wagiriki aliyepewa kazi kumi na mbili ngumu. Dorine alimuleta kwetu, katika inchi ya mukuba na kobalti, ili jukwaa liulize: nani anabeba kazi ngumu, na nani anakula matunda? Alikufa Januari 2021, na miaka 31 tu. Hakungojea karatasi ya mutu.

Sasa, mahali pa kucheza. Muji huu ulijengewa nyumba kubwa ya teatre katika miaka ya 1950, na Claude Strebelle, musanifu wa majengo Mubeljiki. Leo tunaiita Bâtiment du 30 juin, na njo nyumba ya Assemblée Provinciale. Nyumba ya wachezaji imekuwa nyumba ya wanasiasa. Hatuwafukuze. Lakini tunasema hivi: kama wao wanazungumuza juu ya ukubwa mahali palipojengwa kwa teatre, na sisi tuko na haki ya kuuzungumuzia katika uwanja, katika parisele, chini ya muti wa maembe, bila mutu kutuuliza nani ametutuma.

Na kuna jambo linalotuuma. Maneno ya ule muchezo wa 1986, kwa Kiswahili chetu, yaliandikwa katika kitabu cha Fabian kilichotoka mwaka 1990 kule Marekani. Tunamushukuru, bila yeye yangepotea. Lakini kijana wa Katuba atakisoma wapi? Wazee wetu wanakufa na michezo yao katika kichwa, na sisi tuko na telefone mukononi tunachukua picha za chakula.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi wachezaji mambo matatu. Kwanza, kwa kila kazi ya karatasi munayokubali, mufanye na moja yenu wenyewe, hata ya dakika kumi. Pili, muende kwa wazee wa teatre, muwasikilize, muchukue sauti zao, na muwaachie nakala. Tatu, mukubaliane bei moja ya kazi yenu, maana kundi moja likikubali kucheza kwa fanta na mukate, makundi yote yatalipwa fanta na mukate.

Na sisi upande wetu, tunajifunga: tutakuja kuwaangalia hata pasipo viti. Tutaalika majirani. Na kama mutacheza juu yetu, sisi vijana wenye kupenda kusema sana, tutacheka, kisha tutafikiri.

Ukubwa unaliwa muzima, walisema. Lakini neno haliliwi na mutu mumoja. Neno lisemwe, lijibiwe, lizunguke mutaa kwa mutaa.

Lubumbashi, wantanshi!