Kabla Hujaazima Magongo ya Jirani



 

Ndugu yangu, dada yangu, mada niliyopewa ni magongo ya kutembelea. Usicheke. Kaa kidogo karibu na lango la Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Eldoret utayaona, na wengi walioyashika ni vijana wa rika letu. Boda boda, mpira, kazi za mjengo. Na ada yetu ni moja: kijana akitoka hospitali na plasta, mama anatuma mtoto kwa jirani, "Yale magongo ya babu bado yapo?" Yanaletwa, yanapanguswa vumbi, anapewa. Ni wema mkubwa, na thawabu ipo inshallah. Lakini babu alikuwa na kimo chake na wewe una chako.

Gongo likiwa refu, kwapa ndilo linalobeba mwili. Na pale kwapani inapita mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Ukining'inia hapo siku baada ya siku, vidole vinaingia ganzi, na ukizidi kupuuza kiganja kinalegea hata kukiinua huwezi. Yaani ulienda kutibiwa mguu, sasa unatibiwa na mkono. Likiwa fupi nalo, utatembea umejikunja na mgongo utalalamika.

Sasa pima hivi. Vaa viatu utakavyotembelea, simama wima, legeza mabega. Ncha za magongo ziwe kama inchi 6 mbele na pembeni ya miguu. Kati ya kwapa na mto wa gongo paingie vidole viwili au vitatu. Mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono ukiuachilia chini, ili ukishika kiwiko kikunjike kidogo. Uzito ubebwe na viganja. Ule mto wa juu unaubana kwa mbavu tu. Ya mbao hurekebishwa kwa bolti, ya aluminiamu kwa vitufe vya kubonyeza. Ni kazi ya dakika chache, na bado watu wanateseka mwezi mzima!

Hayo ya kwapani yanamfaa mtu wa wiki chache. Mwenye safari ndefu, kama aliyepata polio utotoni, mara nyingi hufaidika zaidi na yale mafupi yenye pete inayokamata mkono chini ya kiwiko. Ni mepesi, na unaweza kufungua mlango gongo lisianguke. Ila yanataka mikono yenye nguvu. Nyanya anayetetemeka usimpe magongo kwa sababu tu ndiyo yaliyopo nyumbani. Uliza hospitali kuhusu fremu ya miguu minne.

Na usitoke kwa daktari kabla hujamuuliza: mguu uguse chini, au usiguse kabisa? Akikuruhusu gongo moja, lishike upande wa mguu mzima. Wengi hufanya kinyume. Kwenye ngazi, ukipanda tanguliza mguu mzima. Ukishuka tanguliza magongo na mguu mgonjwa.

Tazama pia raba za chini. Mvua za huku mnazijua, na matope ya Langas mnayajua. Raba iliyolika ni tairi kipara. Lakini mahali pa hatari kuliko barabara ni pale petu pa kutawadhia: vigae, maji, sabuni. Mwekee mwenzako kiti, umletee maji. Na ukikuta magongo yameegemezwa ukutani wakati wa tarawehe, usiyasogeze ili upate nafasi. Mwenyewe ataamkaje?

Wako wanaosema magongo yasikanyage zulia la msikiti. Si yapanguswe na kitambaa, basi? Na asiambiwe mtu ajikaze kusimama. Imran bin Huswayn (R.A.) alipokuwa mgonjwa, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali wima, akishindwa akae, akishindwa alalie ubavu. Kiti kikiwekwa mwisho wa safu hakuna aliyepungukiwa.

Kwa wenye ulemavu wa kudumu, mjue kuwa vifaa si hisani tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inavitaja kama haki, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husaidia kuvipata. Jiandikisheni.

Nasi vijana, sadaka ya Ramadhan hii tununue jozi kadhaa zinazorekebishika, tuziweke stoo ya msikiti pamoja na raba za akiba na spana. Na daftari la kuandika nani kachukua, manake tunajuana.