King'ora cha Gari la Zimamoto

Gari la zimamoto litokalo Mpanda kwenda Kasansa hupita Sitalike, kisha hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Humo porini, pasipo na mtu wa kupisha njia, king'ora hakina kazi kubwa. Kazi yake ni vijijini, penye baiskeli, ng'ombe na watoto. Hapo kipigwe mapema, kabla ya gari kuwafikia. Wala king'ora hakimpi dereva ruhusa ya kugonga mtu. Akikipiga arudipo kituoni, watu watakizoea, na siku ya moto hawatapisha.

Nao wananchi, wakikisikia, wasogee kando na kusimama. Mwenye kuona moto apige simu nambari 114 bila ya kuchelewa, ataje kijiji na alama iliyo karibu.