Kufuturu Angani: Kilomita, Saa na Jua



Wazee wetu, akina mama na vijana wenzangu. Sisi wa Pipeline ni majirani wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na labda ndio maana swali hili halikosi kila Ramadhan: ndege ya Mombasa hukaa angani kama dakika 45 tu, je, huyo naye ni msafiri wa kula mchana? Maana kuna wenzetu hapa wanaokaa zaidi ya hapo ndani ya matatu wakienda taun!

Jawabu ni ndiyo. Ruhusa aliyoitaja Allah (S.W.T.) katika Suratul Baqara, aya ya 185, imefungamana na safari, si na uchovu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi kipimo ni marhala mbili, yaani zaidi kidogo ya kilomita 80, na Nairobi hadi Mombasa kwa anga ni kama kilomita 425. Lakini kuna sharti watu hulisahau: uwe umeshatoka mjini kwako kabla ya alfajiri. Ndege ya saa nne asubuhi haikuhalalishii chai ya nyumbani. (Mahanbali humruhusu hata aliyetoka mchana, akishauacha mji.) Na asiyetaabika, kufunga ni bora kwake. Akila, atalipa.

Sasa tuje kwenye futari, na hapa ndipo watu huharibu. Chukueni safari ya Jeddah, maana wengi huenda umra mwezi huu. Ni kama kilomita 2,570, karibu saa nne kwa ndege isiyotua njiani, na saa za Jeddah na za kwetu ni zile zile. Basi mtu huangalia simu, anaona Magharibi ya Nairobi imefika, anatia tende mdomoni. La! Saa zinafanana, jua halifanani. Mwezi wa Juni jua la Jeddah huzama baada ya saa moja jioni. Disemba huzama hata saa kumi na mbili haijafika. Tena ukiwa futi 35,000 juu unaona mbali kuliko aliye chini, kwa hivyo jua hukuchelewea zaidi ya dakika kumi. Wa ardhini chini yako ameshafuturu na yuko sawa. Wewe bado unaliona dirishani, basi bado umefunga. Ukila hapo umekula mchana, na siku hiyo utailipa.

Aliyekaa kiti cha katikati amuulize wa dirishani. Na ukishatua, fuata adhana ya pale pale. Mombasa jua hutangulia kuzama kuliko Nairobi kwa dakika kadhaa. Usikae na njaa ukingoja saa ya Embakasi, kwani kuharakisha futari ni sunna.

Chakula cha ndege huja kwa ratiba yao, si yako. Mwombe mhudumu akuwekee sahani yako mpaka jua litue. Tende beba mwenyewe.

Wabillahi taufiq.